Kwa Nini Daktari Hukosea Ugonjwa?

Mama mmoja wa jumuiya ya jirani aliniletea swali ambalo nimeona si vema kumjibu yeye peke yake. Mtoto wake wa miaka miwili alishikwa na homa wakati wa masika. Akampeleka zahanati. Walimtoboa kidole, wakasema wadudu wa malaria hawaonekani, lakini wakampa dawa ya mseto hivyo hivyo, wakidai kwamba kipimo mara nyingine hakioni. Siku ya nne homa ikapanda tena. Mama akaenda kituo cha afya. Huko mganga alisoma kadi, akaona imeandikwa malaria, akabadilisha dawa na kuongeza sindano. Siku ya nane mtoto alikuwa hali wala hanyonyi, na kila alipovuta pumzi sehemu ya chini ya kifua ilibonyea kwa ndani. Ndipo walipofika hospitali. Muuguzi wa mapokezi alimfunua mtoto shati, akatazama saa, akahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zilikuwa 58. Picha ya kifua ilionyesha usaha umejaa upande wa kulia. Mtoto aliwekewa mpira wa kutoa usaha, akachomwa sindano kwa majuma matatu, akapona.

"Wale wa kwanza hawakusoma?" mama aliniuliza. "Au walinidharau kwa kuwa sina kitu?"

Nilimwambia kwamba walisoma, na sidhani kama walimdharau. Lakini jibu hilo halitoshi, maana mtoto alikaribia kufa kwa nimonia huku akinyweshwa dawa ya malaria. Basi katika ukurasa huu tujaribu kueleza jinsi mtu aliyesoma, mwenye nia njema, anavyoweza kumtazama mgonjwa na asiuone ugonjwa wake.

HOMA NI MOJA, MAGONJWA NI MENGI

Mwili wa binadamu hauna lugha nyingi za kusema kwamba unaumwa. Una homa, maumivu, kutapika, kuharisha, kikohozi, uchovu na mengine machache. Magonjwa ni maelfu, nayo yote yanalazimika kusema kwa lugha hiyo hiyo. Mtoto mwenye malaria ana homa. Mwenye nimonia ana homa. Mwenye homa ya uti wa mgongo, mwenye usaha sikioni, mwenye wadudu katika njia ya mkojo, wote wana homa, na siku ya kwanza wote hulia na kukataa chakula.

Lipo tatizo jingine ambalo ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Kwa miaka mingi neno "homa" na neno "malaria" tumeyatumia kama kitu kimoja. Mtu akiamka mwili unauma husema "nina malaria", na mganga naye huandika malaria. Ugonjwa umekwisha kupewa jina nyumbani, kabla mgonjwa hajafika zahanati.

Matokeo yake yalipimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipoangaliwa upya kwa uangalifu katika hadubini, waliokutwa na wadudu walikuwa 2,062 tu, yaani chini ya nusu. Ndugu msomaji, tazama kilichofuata. Kati ya wale waliokuwa na wadudu wa malaria, walikufa 142, karibu 7 katika kila 100. Kati ya wale wasiokuwa na wadudu, walikufa 292, yaani 12 katika kila 100. Waliotibiwa malaria wasiyokuwa nayo walikufa zaidi kuliko waliokuwa nayo, na wengi wao hawakupewa dawa yoyote ya kuua bakteria.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 870, wakubwa kwa wadogo, walilazwa kwa sababu ya homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao. Waliothibitishwa kuwa homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, na wengine wengi walikuwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama: brusela, ambayo huja kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, homa zinazoletwa na kupe, na ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya na mifugo, ambao siku hizi tunauita homa ya mgunda. Hakuna hata mgonjwa mmoja kati ya hao wa magonjwa ya wanyama ambaye daktari aliyempokea aliandika kwamba labda ni ugonjwa huo.

Hawakuwa madaktari wabaya, na hospitali za Moshi zinaheshimika. Lakini mtu huona kile alichozoea kukiona. Tabibu aliyefundishwa wakati ambapo malaria ilikuwa kila mahali, akaiona kila siku kwa miaka 20, macho yake huiona hata pale isipokuwapo. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliowashtua watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, ukaua watu 3, ni homa ya mgunda. Tangu hapo jina hilo liko vinywani mwa waganga, na bila shaka wataifikiria mapema zaidi. Ugonjwa huo, lakini, ulikuwapo siku zote.

NENO LIKISHAANDIKWA

Tumrudie mtoto wetu. Kosa la zahanati lilikuwa kubwa, lakini la kituo cha afya linanisikitisha zaidi. Kule zahanati walikuwa na mtoto mwenye homa ya siku moja, na nimonia ya siku moja yaweza kujificha. Kwenye kituo cha afya dalili zilikuwa zimejitokeza. Kilichomfumba macho mganga ni kadi. Mwenzake alishaandika "malaria", basi yeye akajiuliza tu ni dawa gani ya malaria iliyo kali zaidi. Hakuuliza swali la kwanza kabisa: je, ni malaria?

Huu ni udhaifu wa akili za watu wote, si wa waganga peke yao. Ukishaamini kwamba jirani fulani ndiye aliyeiba kuku, kila anachofanya kitaonekana cha mwizi. Kwa daktari udhaifu huu ni hatari zaidi kwa sababu neno lake huandikwa, na anayekuja nyuma husoma. Mgonjwa akihamishwa kutoka zahanati kwenda wilayani, na kutoka wilayani kwenda mkoani, jina la ugonjwa husafiri naye kama lebo kwenye mzigo. Wachache hufungua mzigo wenyewe.

Nami naomba nikiri. Zamani, nilipokuwa tabibu kijana, mzee mmoja alinijia akasema, "Moyo unaniuma," akaweka mkono hapa, chini kidogo ya mbavu. Sisi mahali hapo tunapaita chembe cha moyo, na watu wengi wenye vidonda vya tumbo husema maneno hayo hayo. Asubuhi ile nilikuwa nimeshawaona watu wanne wa namna hiyo. Nikamwandikia vidonge vya tumbo. Sikumpima hata shinikizo la damu. Mzee yule alikuwa anasema kweli: ulikuwa moyo wenyewe. Hakumaliza juma. Alinitajia ugonjwa wake kwa Kiswahili safi, na mimi nikautafsiri kuwa mwingine.

VIPIMO NAVYO

Wengi wetu hudhani kwamba dawa ya makosa ni vipimo. Nimesikia watu wakisema, "Yule hafai, hakunipima." Vipimo ni msaada mkubwa, lakini yafaa kujua kila kimoja kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na kipimo cha haraka cha malaria sasa kipo hata katika zahanati ndogo. Ni jambo jema sana. Hata hivyo kipimo hicho hakitafuti wadudu wenyewe, bali kitu wanachokiacha katika damu, na kitu hicho chaweza kubaki wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria mwezi huu, akipata nimonia wiki mbili baadaye, kipimo chaweza kusema "malaria ipo". Vilevile katika sehemu zenye mbu wengi mtu mzima huweza kubeba wadudu wachache bila kuumwa. Ukiwaona katika hadubini haimaanishi kwamba ndio wanaomuumiza leo. Na yule aliyemeza vidonge viwili vitatu vya dukani kabla ya kuja, huenda wadudu wake wamejificha na kipimo kisiwaone.

Kuhusu homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, nina neno kali kidogo. Kile kipimo cha Widal kinachofanywa mara moja kwa tone la damu, na mgonjwa kurudi na karatasi yenye namba, hakiaminiki kikiwa peke yake. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa, aweza kuonekana anayo. Njia ya kuthibitisha ni kuotesha damu katika maabara, na hiyo huchukua siku kadhaa na haipatikani kila mahali. Nawajua watu wanaotibiwa "taifodi" mara nne kwa mwaka. Dawa wanazozimeza zinazoesha bakteria kuwa sugu, na kinachowaumiza hakijatafutwa.

Kifua kikuu kwa watoto ni fumbo jingine. Mtu mzima hutoa makohozi, nayo hupimwa. Mtoto mdogo huyameza. Hivyo mara nyingi daktari huamua kwa kuangalia uzito usiopanda, kikohozi kisichoisha, na kama kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa huo. Ukificha kwamba babu yake alikuwa akitumia dawa za kifua kikuu, umemnyang'anya daktari kitu kikubwa kuliko mashine.

Pia ziko siku ambazo hakuna kipimo kitakachosaidia, kwa sababu ugonjwa wenyewe haujakomaa. Ugonjwa wa kidole tumbo mara nyingi huanza na maumivu karibu na kitovu, kama tumbo la kawaida. Baada ya saa kadhaa ndipo maumivu huhamia chini upande wa kulia. Daktari wa asubuhi anasema gesi, daktari wa jioni anasema apasuliwe, na watu humsifu wa jioni na kumcheka wa asubuhi. Lakini wa asubuhi hakuuona ugonjwa ule ule.

FOLENI, MWANDIKO NA UCHOVU

Nitapita haraka hapa kwa sababu mnayaona wenyewe. Tabibu mmoja, wagonjwa 60 mlangoni, na saa nane mchana bado hajanywa chai. Ukigawanya muda huo, kila mgonjwa anapata dakika chache, na kuhesabu pumzi za mtoto peke yake huchukua dakika moja nzima. Usiku muuguzi ni mmoja kwa wodi mbili. Chupa za damu za watu wawili wenye jina moja zaweza kubadilishana. Nukta iliyosahauliwa katika kipimo cha dawa yaweza kumpa mtoto mara kumi ya anachostahili. Ndiyo maana mtoto apimwe uzito kila aendapo, hata kama alipimwa juzi.

Wala hayo si ya nchi maskini tu. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya nchini Marekani ilikadiria kwamba makosa ya hospitali huua watu kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika nchi hiyo yenye mashine zote. Mwaka 2015 taasisi hiyo hiyo ikasema kwamba watu wengi watapatwa na kosa la kutambua ugonjwa walau mara moja katika maisha yao.

Lakini makosa yanaweza kupunguzwa, na mfano mzuri uko kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza karatasi ya maswali ya kusomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua na mwisho wa upasuaji: huyu ni nani, tunapasua wapi, ana mzio wa dawa gani, vitambaa na vyombo vimehesabiwa? Mwaka 2007 na 2008 karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Pamoja na London, Toronto na Seattle ilikuwamo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa jumla ya hospitali hizo zote, vifo vilishuka kutoka 1.5 katika kila wagonjwa 100 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Watu waliuliza maswali ambayo kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kuyauliza.

UPANDE WETU WAGONJWA

Sisi nasi tuna sehemu yetu, na tusikasirike tukiambiwa. Binti anaulizwa mbele ya mama mkwe kama amekosa siku zake, anasema hapana, kumbe ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na anavuja damu tumboni. Mwanamume mwenye tatizo la sehemu za siri anasema mgongo unauma, naye anapewa dawa ya mgongo. Mtoto analetwa na shangazi ambaye hakulala naye na hajui kama alitapika. Mgonjwa amekunywa mizizi siku tatu, figo zimeanza kulegea, na anapoulizwa anaapa hajanywa chochote kwa sababu anaogopa kufokewa. Kufokewa kupo, sikatai, na waganga tunaofoka tunajivunia bure, maana mgonjwa akishafokewa mara moja hasemi tena.

Halafu kuna wale wasiotaka kuondoka bila sindano au dripu. Mtoto ana mafua, kipimo cha malaria kimesema hakuna, mganga anasema mpe maji na mfuatilie, na mama anakwenda kutangaza kwamba zahanati ile haina kitu. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara kwa vipimo vingi ambavyo zahanati haina. Wenye malaria walikuwa kama 1 katika 10. Zaidi ya nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa, na mengi ya hayo husababishwa na virusi ambavyo hupita vyenyewe. Mganga anayekubali kukupa dawa ili uridhike amekukosea, ijapokuwa umeondoka umefurahi.

UFANYE NINI?

Peleka karatasi zote ulizo nazo, hata za hospitali nyingine, pamoja na maganda ya dawa ulizomeza. Sema ugonjwa ulivyoanza na ulivyokwenda, siku kwa siku. Usianze kwa kusema "nina malaria". Sema "nina homa tangu Jumanne usiku, na kichwa". Ukiwa na jambo la siri, omba kuongea na mganga peke yake. Ni haki yako.

Kisha, ukiandikiwa dawa, uliza kwa adabu maswali matatu: Je, inaweza kuwa kitu kingine? Nikiona nini nirudi mara moja? Nisipopata nafuu, nirudi siku gani? Tabibu mzuri hatachukia. Mara nyingi swali la kwanza humfanya aweke kalamu chini na kukutazama upya. Kama umeshatibiwa ugonjwa uleule mara mbili bila kupona, mwambie waziwazi: "Nimetibiwa hivi mara mbili, sijapona."

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuna mambo yasiyosubiri siku ya kurudi: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na hazinduki vizuri. Kuhusu kupumua, kila mzazi anaweza kuhesabu. Mtoto awe ametulia, mfunue tumbo na kifua, hesabu kwa dakika nzima ya saa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja ni 50 au zaidi, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano ni 40 au zaidi. Akifikia hapo, au kifua kikibonyea, nenda siku hiyo hiyo na useme hesabu uliyoipata.

Kutafuta maoni ya daktari wa pili si dharau kwa wa kwanza. Ila nenda na karatasi za wa kwanza, na mwombe wa pili akusikilize tangu mwanzo kabla hajazisoma. Na pale unapoona kweli umetendewa kosa, usiende tu kusimulia kisimani. Mwone mganga mfawidhi wa mahali hapo, eleza tarehe na yaliyotokea. Asiposikiliza, yupo Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa jambo zito la daktari mwenyewe lipo Baraza la Madaktari Tanganyika.

Yule mama aliniuliza kama arudi kule zahanati kueleza. Nilimshauri aende, na nikaenda naye. Mganga alikuwa kijana, pengine mwaka wake wa pili kazini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, akamwomba radhi, kisha akaomba aonyeshwe mtoto. Akamfunua shati, akatafuta saa ukutani. Ilikuwa imesimama. Mama akamwazima simu yake, akahesabu.